Mboga za wiki nzima: kipi kikae friji, kipi nje, na kuosha ni lini?

kisu_butu

Habari zenu wadau. Nimeamua kupika nyumbani, mambo ya kula vya kununua kila siku nimechoka nayo na mwili nao umeanza kulalamika. Shida yangu nafasi ya kwenda sokoni naipata mara moja tu kwa wiki, kwa hiyo nabeba kila kitu siku hiyohiyo, spinachi, giligilani, nyanya, karoti, viazi, vitunguu, ndizi, parachichi, nikifika naosha vyote kwa mpigo natia kwenye friji nafunga mlango. Katikati ya wiki spinachi imeshakuwa ute, ndizi nyeusi, karoti zimelegea mpaka zinakunjika, na viazi nikivikaanga vinaungua haraka halafu vina utamu utamu nisiouelewa.

Sasa naomba mnisaidie, kipi kikae friji na kipi nje? Kuosha ni kabla ya kuhifadhi au wakati wa kupika? Kuna ndugu yangu anasema matunda lazima yaoshwe na sabuni ya vyombo kwa sababu ya dawa wanazopulizia shambani, hiyo imekaaje? Na mwenye ujanja wa kuchagua sokoni anipe maana mimi nachukua tu kinachong'aa.

chungu_kimoja

Mkuu viazi toa kwenye friji leo leo. Kwenye baridi kali wanga wa kiazi unageuka sukari, ndio huo utamu unaousema na ndio maana vinawahi kuungua. Tena sukari hiyo ikikutana na moto mkali wa kukaanga inazidisha kitu kinaitwa akrilamaidi, ambacho wataalamu wa chakula wanashauri tukipunguze mwilini. Hivyo ulivyonavyo usivitupe, viache nje wiki moja mbili utamu utapungua, au vichemshe. Kiazi kinataka giza, hewa na ubaridi wa wastani, kikapu au mfuko wa karatasi chini ya kabati mbali na jiko inatosha. Giza nalisisitiza kwa sababu kikipigwa na mwanga kinakuwa kijani, na kijani ni alama kwamba solanini imepanda humo ndani, hiyo ni sumu na kuchemsha hakuitoi. Kama ni kipande kidogo kata kwa kina utoe kijani yote, kama ni kiazi kizima au ukionja ni kichungu tupa tu.

Vitunguu navyo nje, pakavu penye hewa, ila usivilaze kikapu kimoja na viazi. Viazi vinatoa unyevu, vitunguu vinaanza kuchipua na kuoza, halafu unalaumu muuzaji bure.

Ndizi ni tunda la joto, chini ya nyuzi 13 hivi ganda linaumia linageuka jeusi. Menya uangalie ndani, mara nyingi ni nzuri kabisa. Nyanya na parachichi ziache nje mpaka ziive, nyanya ukiiwahisha kwenye baridi inapoteza harufu na ladha, ndio zile nyanya ukila unasikia maji tu. Parachichi likishalainika ndio unaliingiza friji lisiendelee, hapo unapata siku mbili tatu za kujipanga. Matango yana hila, baridi kali hayapendi na nje yananyauka, mimi nayaweka mlangoni mwa friji ambako baridi ni kidogo na nayala mwanzo wa wiki.

Kinachobaki, yaani majani, karoti, kabichi, brokoli, hoho, friji. Karoti zikija na majani yake yakate palepale kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye karoti yenyewe. Na hizo zilizolegea usitupe, kilichotoka ni maji tu, katia kwenye bakuli la maji ya baridi sana nusu saa hivi utaona zinakakamaa tena. Spinachi iliyonyauka kidogo hali kadhalika, ila ikishakuwa ute hapo hakuna dawa.

Kuna kitu kingine watu wengi hawakijui. Ndizi, matufaha, peasi, parachichi, nyanya zinapoiva zinatoa gesi inaitwa ethilini, huioni wala huisikii harufu, lakini kazi yake ni kuivisha. Sasa ukifungia matufaha na brokoli kwenye droo moja brokoli inapata manjano, majani yanawahi kuzeeka, na karoti zinakuwa chungu. Kwa hiyo droo moja matunda, nyingine mboga. Ukitaka kuharakisha parachichi gumu tumia gesi hiyohiyo, lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu.

Kuhusu kuosha, usioshe mpaka unapotaka kutumia. Unyevu ndio unaoziozesha.

bibi_wa_sufuria

Yote sawa ila hapo mwisho naomba nipingane na chungu_kimoja. Mimi majani naosha siku ileile nimetoka sokoni na yanafika mwisho wa wiki bila tatizo. Kuosha hakuna kosa, kosa ni kuyaweka yakiwa bado yanachuruzika. Naosha mara mbili tatu kwenye beseni maana spinachi mchanga wake unajificha kwenye mikunjo, natandaza juu ya kitambaa safi mpaka yakauke KABISA, kama una kile kikapu cha kuzungusha mboga ndio raha zaidi, halafu naweka kwenye kontena nikiwa nimetandika kitambaa kikavu au tishu za jikoni chini na juu. Ile tishu inakula unyevu, ikilowa nabadilisha. Tuwe wakweli jamani, mtu umetoka kazini saa moja usiku umechoka, ukifungua friji ukakuta majani yana udongo utapika mayai. Yakiwa yameshaoshwa na yamekatwa utapika mboga. Kwangu hiyo ndio siri ya kula mboga kila siku, mengine mbwembwe.

Giligilani usiifungie kwenye plastiki. Kata miguu kidogo isimamishe kwenye glasi ya maji kama maua, ifunike juu na mfuko kwa kulegeza, ingiza friji, badilisha maji yakichafuka. Tangawizi mimi naiweka friza nzima na ganda lake, naikwangua kwenye grate ikiwa jiwe vilevile, haina nyuzi hata kidogo.

chungu_kimoja

Bibi kwa majani nakubali, yakikauka kweli kweli hakuna neno. Lakini asije akafanya hivyo kwa stroberi, zabibu na uyoga, hivyo vikipata maji kesho yake vina ukungu. Uyoga uweke kwenye mfuko wa karatasi, plastiki inautoa jasho unateleza.

maji_ya_bomba

Nijibu la sabuni. HAPANA. Ganda la tunda lina vitundu vidogo vidogo, sabuni inaingia humo na haijatengenezwa iliwe, utakuja kuharisha ulaumu dawa za shamba. Maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono ndio msingi, vyenye ngozi ngumu kama viazi, karoti na tikiti sugua na brashi safi. Na tikiti, parachichi, embe, chungwa osha hata kama ganda huli, kwa sababu kisu kikipita kwenye ganda chafu kinaingiza huo uchafu kwenye nyama ya tunda. Hii watu wanaipuuza sana.

Kuhusu dawa, mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Massachusetts kule Marekani walijaribu kwenye matufaha wakaona maji yaliyochanganywa na bekingi soda yanaondoa dawa iliyoko juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu, ila ni kuloweka dakika 12 mpaka 15, sio kuchovya na kutoa. Iliyokwisha kuzama ndani ya ganda haitoki kwa kuosha, hiyo ni mpaka umenye, na ukimenya unatupa ufumwele na baadhi ya virutubisho. Mimi binafsi simenyi. Kila mtu apime mwenyewe.

Na tafadhali ubao wa kukatia nyama usiwe huohuo wa kukatia kachumbari. Saladi haiendi motoni, hakuna wa kukuokoa hapo.

shamba_darasa

Kinachong'aa kinakudanganya mkuu, matufaha mengi yanapakwa nta ndio yang'ae hivyo. Biringanya ndio ngozi ya kung'aa ni dalili nzuri, ikififia ujue imezeeka na mbegu zimekuwa ngumu. Kwa vingine tumia mkono na pua. Chungwa, limau, tikiti, kabichi, shika mawili yanayolingana ukubwa chukua lililo zito, uzito ndio maji. Tikiti maji geuza uangalie lile baka lililokuwa limelalia udongo, liwe la manjano ya siagi, likiwa jeupe lilivunwa mapema. Bamia vunja ncha, ikikatika kwa mlio ni changa, ikipinda achana nayo. Kitunguu kiwe kigumu shingoni, pakiwa laini kimeanza kuoza ndani. Kitunguu saumu kikianza kuchipua hakina sumu, ila kinakuwa na ukali wa uchungu.

Jambo kubwa zaidi ni kujua tunda gani linaiva likishachumwa na lipi haliivi. Ndizi, embe, parachichi, papai, peasi, nyanya zinaendelea kuiva nyumbani kwa hiyo nunua za viwango tofauti, mbili za kula leo, mbili za katikati ya wiki, mbili ngumu kabisa. Nanasi, chungwa, zabibu, stroberi, tikiti maji ulivyolinunua ndivyo lilivyo. Nanasi linaweza kulainika na kubadilika rangi ukadhani linaiva, utamu hauongezeki. Kwa hiyo hapo ukikosea sokoni umekosea moja kwa moja. Na acheni kuminya maparachichi ya watu kwa vidole gumba, weka kiganjani bonyeza taratibu, lile unalolitoboa leo ndilo mwenzako atalikuta na weusi ndani.

kisu_butu

Aisee nashukuruni sana, nimeshahamisha viazi tayari. Mawili ya nyongeza. Moja, nasikia mboga ukiipika vitamini zote zinakufa, sasa nile mbichi kila kitu? Pili, kuna video niliiona mtu anahifadhi parachichi zima kwenye maji ndani ya friji linakaa wiki kadhaa, je nijaribu?

maji_ya_bomba

La parachichi usijaribu. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya hilohilo, kama ganda lina bakteria kama Salmonella au Listeria wanazaliana humo kwenye maji, na kuna uwezekano wa kupenya mpaka ndani. Lililokatwa paka limau au ndimu, bandika plastiki igusane na nyama kabisa hewa isipite, weka friji. Weusi unaletwa na hewa, ukibadilika rangi kidogo kwangua juu ule.

bibi_wa_sufuria

Vitamini hazifi zote. Vitamini C ndiyo dhaifu, haiwezi joto na inayeyuka kwenye maji, sasa ukikatakata vipande vidogo ukachemsha kwenye maji mengi ukamwaga maji, umeimwaga. Pika kwa mvuke au maji kidogo, funika, zima ikiwa bado ina rangi yake, na hayo maji yatie kwenye mchuzi. Lakini zipo zinazofaidika na moto. Ile rangi nyekundu ya nyanya, laikopini, mwili unaichukua vizuri zaidi nyanya ikiwa imepikwa na mafuta kidogo, na karoti vilevile zinataka mafuta kidogo ili ule vitamini A yake upate. Kitunguu saumu ponda kwanza ukiache kama dakika 10 ndio ukitie kwenye sufuria, ile kemikali yake nzuri inatengenezwa baada ya kupondwa, ukikiwahisha motoni inakosa muda. Kula mchanganyiko, mbichi na zilizopikwa, Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi havihesabiwi humo kabla hujaanza kushangilia chipsi.

Na kama una friza itumie, sijui kwa nini watu wanaidharau. Maharage machanga, brokoli, karoti za vipande, spinachi, zitie kwenye maji yanayotokota dakika 2 mpaka 3, toa tumbukiza kwenye maji ya barafu, chuja, kausha, tandaza kwenye sinia zigande kwanza ndio ufunge kwenye mifuko, hapo hazishikani bonge moja. Usiruke hatua ya maji ya moto, ndiyo inayozima vimeng'enya, yaani kemikali za mboga yenyewe zinazoifanya izeeke, ukiiruka mboga inaendelea kuharibika polepole humohumo kwenye friza mpaka rangi na ladha vinakwisha. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Virutubisho vinakaa vizuri tu, wakati mwingine kuliko mboga iliyozagaa siku nyingi ikiitwa freshi.

kisu_butu

Bibi ubarikiwe. La mwisho kabisa nisiwachoshe, kitu kikiota ukungu upande mmoja nakata nakula kilichobaki au natupa?

chungu_kimoja

Inategemea ugumu. Karoti, kabichi, hoho, ukungu hauzami haraka, kata pamoja na sentimita 2 na nusu kuzunguka na kwenda chini, na kisu kisiguse ukungu wenyewe. Nyanya, tango, stroberi, pichi, chochote laini chenye maji tupa chote, nyuzinyuzi za ukungu zinakuwa zimeshasambaa ndani hata kama huzioni. Na jirani zake kwenye kontena wakague siku hiyohiyo. Halafu pima friji yako isizidi nyuzi 5, na tunda lililokatwa lisikae mezani zaidi ya saa 2.