Zuhura na milioni saba zake: gumzo la Ukoo wa Bibi Mwanakombo

Zuhura: Asalaam alaykum. Shikamooni wakubwa. Mnajua mradi wetu ulifungwa na kikoba tumevunja juzi. Nina milioni saba kamili, sina deni, sina mtoto. Nataka kuzunguka dunia kidogo, miezi minne hivi, nikirudi nitafute kazi. Naomba ushauri tu, si ruhusa 😅

Mama: Si ruhusa?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Hebu rudia hapo mwisho.

Zuhura: Ushauri NA ruhusa.

Mama: Milioni saba ni kiwanja Mkuranga na chenji ya tripu mbili za mawe inabaki.

Baba Mdogo: Shemeji, kiwanja hakina miguu. Mwache kwanza aseme anaenda wapi.

Zuhura: Nilikuwa nawaza Ulaya. Da Rehema yupo Hamburg, malazi bure.

Da Rehema: Mdogo wangu, kochi lipo, wala halina maneno. Maneno yako kwenye viza. Ada ya viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 tangu Juni 2024, wakikunyima hawarudishi hata senti. Hapo weka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, na barua ya mwajiri ambayo wewe huna. Watakuuliza unarudi Tanga kufanya nini, utawajibu nini?

Zuhura: Kutafuta kazi 😶

Da Rehema: Ndiyo hivyo. Ningekuandikia dhamana, ila wanapima mshahara wangu na mimi niko likizo ya uzazi. Halafu ukipewa yote hayo, mwisho siku 90 ndani ya siku 180. Ulaya usianze nayo.

Kaka Hamisi: Nipo foleni Tunduma, nimesoma yote. Zuhura, usianze kutazama nchi, tazama pasipoti yako. Huku chini Mtanzania haombi viza: Zambia, Malawi, Zimbabwe, Botswana, Namibia, Sauzi. Unagongewa muhuri unapita. Hela ambayo ungempa balozi unakula njiani.

Mama: Hamisi, unamfundisha mtoto wa kike kwenda kwa malori?

Kaka Hamisi: Hapana mama mkubwa, lori langu halipandishi hata utingo wa pili. Apande treni.

Baba Mdogo: Sasa mmefika nilipokuwa nawasubiri. TAZARA, reli yetu na Wazambia, ni kilomita 1,860, Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Wachina walianza na sisi 1970, 1975 reli ikawa imefika. Ukipata daraja la pili unalala, na wanawake wana vyumba vyao, labda familia ikodi chumba kizima. Usiku mmoja kitandani ni usiku mmoja hujalipa gesti. Lakini usikate shauri kwa maneno ya kwenye simu. Nenda stesheni pale Dar mwenyewe, uliza treni ipo, inatoka lini. Ratiba yetu hata nilipokuwa karakana ilikuwa na mambo yake 😂

Kaka Hamisi: Treni ikigoma, kuna basi mpaka Tunduma, unavuka kwa miguu, unapanda jingine Nakonde. Sasa sikiliza hapa Nakonde. Vijana wa kubadilisha pesa watakuzunguka wanne watano, kila mmoja anakuita dada. Mmoja atahesabu kwacha mbele yako, sawa kabisa. Utazihesabu wewe, sawa kabisa. Halafu atasema "lete niongeze moja imepungua", atazichukua tena, akirudisha zimekunjwa. Zile zilizokunjwa ndiyo umeibiwa. Pesa ikishaingia mkononi mwako haitoki tena, hata akuapie kwa mama yake. Jambo la pili, Zambia walikata sifuri tatu mwaka 2013. Mtu akikupa noti ya 50,000 ujue ni ya zamani, dukani watakucheka. Badilisha ya kukufikisha Lusaka tu.

Shangazi Mwanaidi: Huyu anaongea kama aliyekunjiwa.

Kaka Hamisi: Nilikuwa na tandiboi wangu, shangazi. Tandiboi ndiye aliyekunjiwa.

Da Rehema: Kadi ya njano unayo? Ile ya homa ya manjano.

Zuhura: Nilichanja 2019 tulipokwenda Kampala.

Da Rehema: Basi usichanje tena. Tangu 2016 kadi inafaa maisha yote, mtu asikuuzie nyingine mpakani. Kama imepotea ndiyo uhangaike.

Mama: Na huko utalala wapi?

Zuhura: Hosteli mama. Si gesti. Chumba kina vitanda sita au vinane, cha wanawake watupu, unalipia kitanda.

Mama: Na watu usiowajua!

Zuhura: Mama, bweni ulinipeleka mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tatu, tulikuwa arobaini. Nilikuwa namjua nani?

Mama: Kulikuwa na matroni.

Baba Mdogo: 😂😂 Shemeji hapo umemjibu.

Abuu (KL): Salamu kutoka Kuala Lumpur, ndiyo naamka. Zuhura, ukimaliza huko chini njoo huku. Malaysia Mtanzania anaingia siku 30 bila viza, Singapore 30, Ufilipino 30. Unajaza fomu ya kuingia mtandaoni, ya Malaysia na ya Singapore zote ni bure. Ukiona tovuti inakuomba dola, ifunge.

Zuhura: Tiketi ya kwenda na kurudi nimeiona milioni 2.6.

Abuu (KL): Chukua hiyo hiyo ya kwenda na kurudi, ya upande mmoja itakutia matatani kaunta. Huku wanataka kuona utatoka lini, na Ufilipino ndiyo kabisa, bila tiketi ya kutoka hupandi ndege. Mzigo uwe kilo 7. AirAsia wanapima begi la mkononi mpaka mlangoni, na kulipia kilo pale pale inauma.

Zuhura: Maisha je?

Abuu (KL): Ringgit, pesa ya huku, moja ni kama shilingi mia sita. Kitanda cha hosteli mjini tuseme 40 kwa usiku. Ukikaa mwezi hosteli hiyo ni ringgit 1,200, umekwisha. Lakini kuna mabinti wa Kitanzania hapa chuoni wana chumba kinabaki wazi likizo, 500 mwezi mzima. Ndiyo maana wanaotangatanga na hela ndogo hawakimbizani na miji. Unakaa mahali pamoja, unajua roti canai, chapati ya huku, inauzwa wapi asubuhi, unapika mwenyewe jioni. Ukitaka Penang unapanda treni mpaka Butterworth, kisha feri. Singapore nenda kwa basi ushinde, jioni ulale Johor Bahru upande wa Malaysia, ni daraja tu mnavuka. Singapore kulala utalia.

Zuhura: Nimesoma kuna hosteli unafagia na kutandika vitanda, wanakupa malazi bure.

Abuu (KL): Zipo, na mabloga wanazisifia. Lakini muhuri wako ni wa kutembea. Afisa akikukuta na fagio, hata hulipwi shilingi, hiyo ni kazi bila kibali. Mwenzio mwenye pasipoti ya Ulaya atarudishwa kwao akaandike kisa. Wewe utaharibu viza zote za mbele. Usijaribu.

Baba Mdogo: Umesema vizuri sana kijana.

Shangazi Mwanaidi: Haya, mimi nimekuwa mweka hazina wa kikoba tangu wengine hamjazaliwa. Kalamu ninayo. Saba toa 2.6 ya ndege, 4.4. Huku chini wiki sita, Hamisi?

Kaka Hamisi: Kwa mabasi na hosteli, milioni moja na nusu, asipige starehe. Maporomoko pale Livingstone aangalie, ile ya kuruka na kamba asiruke.

Shangazi Mwanaidi: 2.9. Malaysia mwezi mmoja: chumba laki tatu, kula elfu kumi na mbili kwa siku ni laki tatu na sitini, mabasi laki mbili. Inabaki milioni mbili na arobaini elfu. Ufilipino ndege na mwezi wa kukaa, Abuu?

Abuu (KL): Milioni moja na laki mbili, kwa kujibana.

Shangazi Mwanaidi: Laki nane na arobaini. Hapo laki moja na arobaini ni bima na dharura ndogo. Laki saba inakuja kwangu. Ukiumwa, ukiibiwa, ukikwama, nakutumia. Usipokwama unaikuta. Na miezi minne sahau, ni mitatu na nusu.

Zuhura: Shangazi si nikae nayo tu kwenye kadi?

Shangazi Mwanaidi: Hapana.

Da Rehema: Na laini yako ya Tanzania washa roming kabla hujavuka, uijaribu ukiwa bado Tunduma. Benki wanatuma namba ya siri kwa meseji. Laini ikizima, kadi ni plastiki tu.

Mama: Kila Ijumaa unapiga simu. Ya picha. Nikuone na huyo uliyelala naye chumbani.

Zuhura: Ndiyo mama. Kwa hiyo ni ndiyo?

Mama: Kiwanja kipo mpaka urudi?

Baba Mdogo: Shemeji, mimi nitamwuliza yule dalali.

Mama: Basi.

Zuhura: Shangazi nimetuma laki saba sasa hivi 🙏🏾

Shangazi Mwanaidi: Imeingia. Na ya kutolea?