Tupeane uzoefu: nani katibiwa amiba weee, kumbe utumbo mpana una vidonda?

Habari zenu wapendwa, naanza mimi. 2019 nilianza kuharisha damu na makamasi, chooni mara nane mpaka kumi kwa siku na usiku naamka, dispensari wakasema amiba nikapewa metro (metronidazo, dawa ya amiba), nikapata nafuu wiki moja ikarudi, nikapewa tena, baadae wakasema bawasiri, mama nae anasema chango. Nimekuja kupewa rufaa damu imebaki 7, yaani pungufu sana, nguo zote zinanipwaya. Huko ndo nikaingizwa kamera, daktari akanigeuzia skrini nione, ukuta wa utumbo mwekundu kama kidonda kilichochubuliwa, kamera ikigusa tu damu inatoka, nililia palepale kitandani. Akaniambia hii ni kolaitisi ya vidonda, kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe, inaanzia njia ya haja kubwa inapanda juu, na haiambukizi. Jamani kama dawa za amiba umerudia na damu bado ipo, omba kamera!

mama_wawili:
Pole sana dada. Mimi ni Crohn, ndugu yake hiyo kolaitisi, yenyewe inakaa popote toka mdomoni mpaka haja kubwa, mi imenikalia mwisho wa utumbo mwembamba, chini kulia, wakadhani kidole tumbo. Halafu wakahisi TB ya utumbo maana hata kwenye kamera zinafanana mno, nikameza dawa za TB miezi sita na tumbo likawa vilevile. Siwalaumu, ila ile miezi sita siisahau.

Kaka wa Moro:
Mdogo wangu naye ana vidonda vya utumbo, alivyoona choo kimekuwa kizuri akaacha vidonge, akidhani kapona kumbe ugonjwa umelala tu. Mgongo ukamuuma akanunua diklofenaki dukani, siku chache damu hiyoo. Daktari akasema dawa za maumivu za aina hiyo, na ibuprofeni pia, zinaweza kuuamsha. Na kama uko kwenye predinisoloni (dawa ya steroidi) usiikate ghafla, inapunguzwa kidogokidogo.

mama_wawili:
Vipi misosi? Mi maharage siku tumbo limechafuka siyagusi, uji mlaini tu.

Aliyeanzisha:
Kila mtu na tumbo lake, mimi maziwa ndo adui, andika unachokula utajua. Mimi na kolaitisi yangu niliambiwa ikifika miaka nane nirudi kamera kuangalia dalili za kansa, yaani 2027. Wa Dodoma, mesalazini, hii dawa ya kutuliza utumbo, mnaipata wapi? Mi naagizia Dar na zimebaki za wiki mbili.