JIBU: Kurudi Ujerumani baada ya kumzika mume Moshi

Dada mpendwa,

Pole sana kwa msiba. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, kwani mimi ni mgane: mke wangu tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo wetu, Kibosho, na siku ya kumi na mbili nilikuwa nimesharudi kazini huku Ujerumani.

Unauliza kwa nini unalia zaidi sasa kuliko siku ya mazishi. Kule nyumbani, tangu maturubai yalipofungwa hadi tulipoondoa matanga, sikula wala kulala peke yangu. Akina mama wa jumuiya walipika, wazee wa ukoo walikaa nami mpaka usiku wa manane. Nilipofungua mlango wa nyumba ya huku na kuzikuta kandambili zake pale pale alipoziacha, ndipo nilipofiwa.

Mwombe mtu mmoja akupigie siku moja maalumu kila wiki. Mimi nilipigiwa na shangazi kila Jumapili jioni, na kwa kuwa saa za Moshi zinatangulia za Ujerumani kwa saa mbili tu wakati wa baridi, na moja wakati wa kiangazi, tulikula chakula cha usiku pamoja, simu ikiwa mezani. Hakunihoji kuhusu hali yangu. Alinisimulia habari za migomba na mvua, na jina la mke wangu alilitaja kama zamani, jambo ambalo wengine wote waliliogopa.

Kuhusu mirathi, usikubali kuamua lolote kwa simu huku unalia. Subiri uusome muhtasari wa kikao cha ukoo. Wakianza kukupangia mahali pa kuishi au mtu wa kukuoa, Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakupa uhuru wa kuamua mwenyewe.

Daktari usimwogope. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kuainisha magonjwa uitwao ICD-11, linayatambua kuwa maradhi majonzi makali yanayozidi miezi sita, yakapita kadiri ya mila za mfiwa na kumzuia kuendesha maisha yake. Mimi nilichelewa kwenda kwa kuona aibu, na watoto ndio walioumia.

Krismasi ya kwanza, wenzetu wakipanda kwenda Uchagani, usibaki peke yako. Kama hutasafiri, njoo kwetu. Mimi na binti zangu tutakupokea stesheni.

Kaka yako