Ushauri: kupanga upya viti vya boti ya mbao ili mashine ifikike bila kung'oa benchi

Mwana wa Shetri (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wakuu, naomba msaada wa mafundi na manahodha. Boti ni ya mbao, futi 31 kwa futi 8, imeundwa Nungwi, Zanzibar, na inapeleka watalii kisiwa cha Mnemba. Ina mashine ya ndani, dizeli ya silinda 3, hospawa 30, imekaa theluthi ya nyuma. Benchi la kati limefungwa juu ya mashine kwa skrubu 14, na ubao mmoja tu ndio unaofunguka. Kwenye tundu hilo stiki ya oili inafikika, basi. Belti, pampu ya maji chumvi na chujio lake havishikiki mpaka abiria wasimame na benchi lote liondoke. Mwani ukiziba chujio baharini, hapo ndipo kazi inapoanza.

Mashine pamoja na giaboksi ina urefu wa sm 80 na upana wa sm 50, na kichwa chake kimepanda sm 38 juu ya sakafu. Nafasi za abiria ni 12 na nisingependa zipungue. Nifunge bawaba, nitengeneze kiti cha kuteleza, au kifuniko cha kuinua chote?

Fundi Taruma

Wa alaykum salaam. Mkuu, swali la bawaba liweke kando kwanza. Anza na mkono wako. Chukua karatasi, andika kila kitu unachogusa kila siku, kisha kila mwezi, kisha kile cha mwaka au cha kuharibika.

Kila siku: stiki ya oili, kimo cha maji ya kupozea, chujio la maji chumvi, kikombe cha kutolea maji kwenye dizeli, na kuchungulia ngama (chini kabisa ya boti, maji yanapojikusanya). Kila mwezi: mkazo wa belti, oili ya giaboksi, bolti za kaplingi (kiungo cha giaboksi na shafti), glendi ya shafti (kizuizi cha maji pale shafti inapotoka nje ya boti). Kwa mwaka: impela (kipanga kidogo kinachozunguka ndani ya pampu ya maji), chujio la oili, nozeli, stata, oltaneta.

Vya kila siku lazima vifikike bila spana na bila abiria hata mmoja kusimama. Vya mwezi vichukue dakika 2 kufunguliwa. Vya mwaka vinaweza kudai nusu saa, si neno. Boksi nyingi za kufunika mashine hukosewa hapa: fundi anatengeneza kifuniko kimoja kikubwa kizito kwa kila jambo, kisha nahodha anaacha kukagua kwa sababu juu yake wamekaa watu wanne na mizigo yao. Mashine haifi kwa sababu ya kifuniko, inakufa kwa ukaguzi ulioahirishwa.

Kabla ya kukata mbao, tengeneza boksi la kadibodi ukubwa kamili, liweke juu ya mashine, toboa milango unayoifikiria, kisha jaribu kufungua kila kitu kwa spana halisi. Mkono kufika hautoshi, spana lazima iwe na nafasi ya kuzunguka. Angalia sana uso wa pampu ya maji chumvi. Kifuniko chake kina skrubu ndogo, na katika mashine nyingine kinatazama nyuma au ubavuni, si mbele. Mlango ukiwa upande usio wake, impela utaibadilisha kwa kupapasa, na skrubu moja ikidondoka ngamani safari imeisha.

Mkalafati

Naongezea kwenye Fundi Taruma: uzito wa abiria usiende kwenye boksi peke yake, na boksi lisiguse mashine popote. Mashine imekaa juu ya raba na inatikisika, hasa ikiwashwa na ikizimwa. Acha sm 5 kila ubavu na sm 7 juu. Ekzosi ikiwa kavu, isiyopitishwa maji, ongeza nafasi upande wake na uizungushie kitambaa cha kuzuia joto.

Nguzo za boksi zishuke hadi kwenye magogo marefu yaliyofungwa juu ya mataruma (mbavu za boti). Ukizisimamisha kwenye ubao wa sakafu tu, abiria wanne wa kilo 75 ni kilo 300 zinazoruka na wimbi. Sakafu itabonyea, kifuniko kitaanza kukwama, na mtu ataleta nyundo.

Mwana wa Shetri

Nimepiga hesabu ya kimo: 38 na 7 ni 45, ukiongeza ubao na mto nafika sm 50 na zaidi. Si juu mno kwa kiti?

Fundi Taruma

Ni juu. Kiti kizuri kina sm 40 hadi 45 kutoka pale miguu inapokanyaga. Kikizidi hapo miguu inaning'inia, na boti ikilala abiria anateleza. Una njia mbili. Ya kwanza, mto mwembamba wa sm 3 na ubao wa kukanyagia wenye kimo cha sm 7 pande zote mbili za boksi. Kiti kinakuwa karibu sm 50 kutoka sakafuni lakini sm 43 kutoka miguuni. Ubao huo nao uwe wa kuinua, maana chini yake ndipo mnapopita mabomba.

Ya pili, boksi lisiwe kiti kabisa. Libaki meza ya katikati, abiria wakae kwenye mabenchi ya ubavuni. Kwa futi 8 za upana inawezekana: benchi la kina cha sm 42 kila upande, boksi la sm 70 katikati, na bado unapata njia ya kupita mguu kila upande. Kila mtu mpe sm 45 za urefu wa benchi, kwa hiyo watu 6 kila ubavu wanadai mita 2.7. Unazo. Mimi naipendelea hii ya pili bila kusita, kwa kuwa kifuniko kisichokaliwa ndicho kinachofunguliwa.

Nahodha Kusi

Naunga mkono ya pili, ila chunga mizani. Watu 12 wakiwa ubavuni wote, wakihamia upande mmoja kuangalia pomboo boti inalala kuliko wangekaa kati. Nahodha awe mkali kwa hilo. Na kwa vyovyote usipandishe kimo cha mabenchi ya ubavuni ili kupata stoo chini yake, uzito ukienda juu chombo kinalegea.

Jambo jingine: kubadilisha mpango wa viti kunagusa idadi ya abiria iliyo kwenye cheti. Kwa Zanzibar mweleze mkaguzi wa ZMA (Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar) kabla ya kukata, kwa Bara ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania). Mchoro wa mkono wenye vipimo unarahisisha mazungumzo.

Mwana wa Shetri

Nimekubali, boksi liwe meza. Naomba sasa namna ya kuliunda.

Mkalafati

Vipimo vya ndani: urefu sm 100, upana sm 65, kimo sm 45. Tengeneza fremu ya mbao ngumu ya inchi 2 kwa 2, nguzo nne za pembeni. Juu yake, kukata upana, weka boriti ya inchi 2 kwa 3 inayokaa kwenye mapengo bila msumari. Boriti hii ndiyo inayobeba maungio ya vifuniko viwili. Isipite juu ya stiki wala juu ya mahali pa kujazia oili.

Vifuniko: plaiwudi ya baharini mm 18, yenye alama ya BS 1088 ukiipata. Cha mbele sm 40, cha nyuma sm 60 na ushehe. Ukikiacha kimoja utanyanyua kilo 10 na zaidi, viwili mtu mmoja anaviondoa kwa mkono. Chini ya kila kimoja gongea papi (vipande vyembamba vya mbao) mbili za kuzuia kupinda. Kingo zote zipake ipoksi mara tatu, kwa sababu plaiwudi huanza kuoza ukingoni, si usoni. Mbao nzima zinapendeza lakini zinaweza kupinda kwa joto la mashine.

Kuta: plaiwudi mm 12, ziteremke kwenye mfereji ulioundwa na papi mbili kila nguzo, pengo mm 15. Hizo mm 3 za ziada ziache makusudi. Ukibana sawasawa wakati wa kiangazi, masika ukuta utavimba na hautoki tena. Ukuta wa mbele uwe na mlango wa sm 40 kwa 30 wenye vibano viwili, huo ni wa belti na pampu. Chujio la maji chumvi litoe nje ya boksi kabisa, liwe chini ya benchi la ubavuni na valvu yake. Ongeza bomba la mpira lenye waya ndani, klipu mbili kila mwisho.

Kila ukuta wa boksi uanze na ukingo wa sm 10 kutoka sakafuni, usiotolewa. Maji yanayoingia na wimbi yasipate njia ya kwenda kwenye stata.

Oili Chafu

Hewa msiisahau. Dizeli inahitaji angalau sm 2 za mraba za tundu kwa kila hospawa, kwa hiyo 30 inataka 60, na hizo ni za kuchomea tu. Kwa joto letu weka bomba mbili za kipenyo cha sm 10: moja iingize hewa chini upande wa omo (mbele), nyingine itoe juu upande wa shetri (nyuma). Zote ziwe na kofia ya kuzuia maji. Jaribio lake ni rahisi: endesha kwa kasi kamili robo saa boksi likiwa limefungwa, kisha fungua. Mzunguko ukipanda baada ya kufungua, mashine ilikuwa inakosa hewa.

Ndani usibandike sponji ya godoro kupunguza kelele. Inanyonya dizeli na oili na inageuka utambi. Tumia ile yenye karatasi ya alumini isiyonyonya, na kingo zake zizibwe kwa tepu.

Toboa tundu la mm 25 ubavuni mwa boksi, liwe na kizibo. Moto ukitokea hufungui kifuniko, maana utauletea hewa. Unazima mashine, unafunga dizeli kwa valvu iliyo nje ya boksi, kisha unaingiza mdomo wa mtungi wa kuzimia moto kwenye tundu hilo. Pima mdomo wa mtungi wako kwanza, isije ikawa hauingii.

Bi Mkuku

Na shafti kaka zangu. Kaplingi na kipande cha shafti kinachotokeza nyuma ya giaboksi vifunikwe hata kama viko chini ya benchi la nyuma. Ncha ya kanga au buibui ikishika bolti inayozunguka, mtu anavutwa kabla nahodha hajageuka. Bati lililokunjwa nusu duara na skrubu nne linatosha. Juu ya glendi acha ubao wa sakafu unaoinuka, sm 30 kwa 40, ili uone matone: mawili au matatu kwa dakika shafti ikizunguka ni sawa. Ikiwa kavu kabisa inaungua.

Mwana wa Shetri

Shukrani sana. La mwisho: vifuniko nikifunga bawaba na zile shokapu za gesi za buti ya gari?

Mkalafati

Kwa hivi vya kuinuka vyote sioni haja. Vigingi viwili vya kuzuia kuteleza na vibano viwili vya chuma cha pua 316 vinatosha. Ile 304 itatoa kutu ya rangi ya chai baada ya muda mfupi baharini. Shokapu za gari zinaliwa na chumvi, na siku zikiishiwa nguvu kifuniko kinashuka juu ya vidole. Ukizitaka kwa kifuniko kingine cha kilo 10, chenye uzito wa katikati sm 35 kutoka bawaba, na shokapu inasukuma kwa mkono wa sm 12, unahitaji mbili za nyutoni 150. Fimbo itazame chini kifuniko kikiwa kimefungwa, na bado weka kigingi cha mti cha kukishikilia.

Kabla hujapaka rangi, ondoa vifuniko, boriti na kuta zote, kisha hakikisha mnyororo wa kunyanyulia unaweza kutoa mashine nzima moja kwa moja juu bila kugusa benchi la ubavuni. Turubai la kivuli likiwa na nguzo katikati, hiyo nguzo nayo iwe ya kufungua.