Kabati la magurudumu la msumeno wa meza

Wakuu, nina msumeno wa meza wa kilo 25, nataka kuujengea kabati la kusukuma. Plaiwudi ya mm 18 itatosha? Magurudumu ya aina gani?

— Inatosha, mkuu. Ila sakafu ya kabati iwe vipande viwili vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine kwa gundi na skrubu, maana magurudumu yanafungwa hapo. Yafunge kwa bolti za mm 8 zenye washa na nati; skrubu peke yake hulegea kwa mtikisiko. Weka manne ya inchi 3, yote yenye shingo inayozunguka kila upande. Breki ifunge tairi na shingo. Shingo ikibaki huru, kabati litayumba ukiwa unapasua ubao, na hapo ndipo hatari ilipo.

— Kimo ukipime kabla ya kukata. Uso wa msumeno ukitaka uwe sm 88, msumeno wenyewe sm 33, gurudumu na bamba lake sm 10: kabati ni sm 45.

— Bodi ya juu itoboe chini ya msumeno, unga wa mbao udondokee kwenye droo. Ukiziba, unajaa ndani na mota inachemka. Mgongoni ziba kwa plaiwudi nzima, la sivyo kabati litapinda.