Mfumo umtoe karani baada ya dakika ngapi? Mjadala kuhusu muda wa sesheni katika ofisi za Mtwara na Lindi

Mtoa hoja, Masasi

Hoja ninayoileta inawahusu makarani wa vyama vya msingi, wahudumu wa vituo vya afya na maofisa wa halmashauri za mikoa yetu, ambao sehemu kubwa ya kazi yao sasa hufanyika ndani ya mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari. Mtumiaji akikaa bila kufanya kitu, sesheni yake, yaani kipindi chake cha kuwa ndani ya mfumo tangu aingie, ikatishwe na mfumo umtoe baada ya dakika 5, 15 au 30? Wapo wanaoshikilia kwamba muda uwe mfupi kadiri iwezekanavyo kwa ajili ya usalama. Mimi naona kwamba muda mfupi uliowekwa bila kuangalia kazi inavyofanyika unaupunguza usalama huohuo.

Seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mfumo, haioni vidole vya karani. Inachokiona ni maombi yanayoifikia kupitia mtandao, kama vile kufungua ukurasa au kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Karani anayejaza fomu ya mkulima, akiandika majina, namba ya kitambulisho, ukubwa wa shamba, idadi ya mikorosho na kilo zilizopokelewa ghalani, huku akimuuliza mzee aliye mbele yake jambo mojamoja, anaweza kuandika kwa dakika 20 mfululizo bila ombi hata moja kuifikia seva, na kwa hesabu ya seva mtu huyo amekaa kimya muda wote. Akibonyeza kuhifadhi, anarudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia na yote aliyoyaandika yamepotea. Nimelishuhudia jambo hili msimu wa korosho, foleni ya wakulima ikiwa imefika nje ya mlango, na kilichofuata ndicho kinachonisumbua: nywila ilibandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta ili yeyote aliyepo aweze kuingia tena haraka.

Viwango vinavyofuatwa duniani havitaji namba moja kwa kazi zote. OWASP, taasisi inayoshughulikia usalama wa programu, inataja dakika 2 hadi 5 za ukimya kwa programu zenye hatari kubwa, na dakika 15 hadi 30 kwa zenye hatari ndogo. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017, katika ngazi yake ya pili ya uthibitisho, uliruhusu dakika 30 za ukimya na saa 12 kwa jumla kabla ya mtu kutakiwa kujithibitisha upya. Nao mwongozo wa WCAG, unaotetea watumiaji wenye ulemavu, unataja miongoni mwa njia zinazokubalika kumwonya mtu kabla muda haujaisha na kumpa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi.

Kwa hiyo napendekeza dakika 30 za ukimya kwa kazi ya kuingiza taarifa, fomu ijihifadhi yenyewe kama rasimu, na nywila iulizwe upya kila mtu anapotaka kuidhinisha malipo au kubadilisha akaunti ya benki ya mkulima, hata kama aliingia dakika 2 zilizopita.

Mchangiaji, Nachingwea

Ndugu mtoa hoja, kuhusu fomu nakubaliana nawe, lakini dakika 30 ni nyingi mno kwa kompyuta moja inayotumiwa na watu wanne. Karani akitoka kwenda kuswali adhuhuri au kusimamia mzani, yeyote atakayeketi pale anafanya kazi kwa jina lake, na kilo zikibadilishwa kumbukumbu za mfumo zitamtaja yeye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Isitoshe, fundi wetu anasema sesheni ndefu zinamaliza miunganisho ya seva, na ndiyo sababu mfumo unalemaa siku za mnada.

Mtoa hoja

Ndugu yangu wa Nachingwea, hoja ya kompyuta ya pamoja ni nzito na ninaipokea. Mahali hapo dakika 15 zinatosha, mradi karani akirudi aikute rasimu yake pale alipoiachia. Hapo pana mtego mmoja kwa waandishi wa programu: ukurasa ukihifadhi rasimu kila dakika hata pasipo mtu kugusa kitufe, seva itaamini kuwa mtu yupo na sesheni haitakwisha kamwe. Rasimu itumwe pale tu mtu alipoandika kitu.

Maelezo ya fundi wenu siyakubali, kwa sababu sesheni na muunganisho ni vitu viwili. Kwa seva, sesheni ni kumbukumbu ndogo inayotambuliwa kwa kuki, alama fupi iliyo kwenye kivinjari; muunganisho wa kanzidata, yaani njia ya kulifikia ghala la taarifa za mfumo, huazimwa kwa ajili ya ombi moja, kisha hurudishwa. Makarani 500 walioingia bila kubonyeza chochote hawapaswi kushikilia hata muunganisho mmoja wa kanzidata. PostgreSQL, moja ya programu za kanzidata, mipangilio yake isipoguswa, huruhusu miunganisho 100, na kinachoimaliza ni ripoti nzito pamoja na programu isiyorudisha ilichoazima.

Kuna jambo jingine linalodhaniwa kuwa ni muda wa sesheni. Seva ya mbele kama Nginx, inayopokea maombi na kuyapeleka kwa seva ya ndani inayofanya kazi yenyewe, isipobadilishwa, husubiri jibu kutoka seva ya ndani kwa sekunde 60 tu. Ripoti ya msimu inayochukua sekunde 90 itakatwa na kuleta kosa namba 504, yaani jibu limechelewa, ilhali seva ya ndani bado inaendelea na kazi. Karani akidhani amekataliwa, anabonyeza tena. Ombi hilo likiwa la kuhifadhi mzigo wa mkulima, kilo zilezile zinaweza kuingia mara mbili, na mwenye kuulizwa ni karani. Dawa yake ni kila fomu kubeba namba ya pekee ili seva itambue marudio; kurefusha sesheni hakusaidii lolote hapo. Vikomo hivi navyo vipimwe kwa mtandao wa Liwale au Newala, wala si kwa ule wa ofisi ya Dar es Salaam, kwani nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024 tuliona mtandao unavyoweza kuzorota.

Naomba umwulize fundi wenu: siku za mnada, mnarudishwa kwenye ukurasa wa kuingilia au mnapata 504? Na kama ni 504, hutokea wakati wa kutoa ripoti au wakati wa kupokea mzigo?