Wakuu, nitamwonyeshaje tajiri kuwa boksi hizi za swichi zinashika moto?

Fundi_Mwanga
Habari za jioni wakuu. Ni fundi umeme hapa Kigoma. Nina kazi ya gesti Ujiji, tajiri kanunua boksi za swichi za chee, mimi nina sampuli moja ya bei. Nimekata vipande nikavichoma kwa kiberiti cha gesi. Cha bei kimezima chenyewe nilipotoa moto. Cha chee kimewaka zaidi ya dakika, kinadondosha matone ya moto hadi nyasi chini zikashika. Tajiri anasema plastiki ni plastiki, zote zinaungua. Ile ya bei ndani imeandikwa V-0. Ina maana gani?

Mzee_wa_Isevya
Tajiri hajakosea, zote zinaungua. Swali ni moto ukiondoka inafanyaje. V-0 ni daraja la kipimo cha UL 94 cha Marekani, cha kupima plastiki inavyowaka. Kipande cha milimita 125 kwa 13 kinasimamishwa wima, kinachomwa kwa chini sekunde 10, kikizima kinachomwa tena sekunde 10. V-0 kila mara kizime ndani ya sekunde 10, na pamba iliyowekwa milimita 300 chini isiwake. V-1 inapewa sekunde 30. V-2 ni 30 vilevile, ila matone yakiwasha pamba inasamehewa. Hicho cha chee hata V-2 hakifiki. Nyasi zako ndiyo pamba, haha.

Binti_Solar
Mkuu, angalia na unene. Plastiki iliyopata V-0 kwa milimita 3 inaweza kufeli kwa milimita 1.

Fundi_Mwanga
Shukrani. Na paipu za PVC?

Mzee_wa_Isevya
PVC ngumu inataka oksijeni kama asilimia 45 ndipo iendelee kuwaka, hewa ina 21 tu. Polithini inatosheka na 18 hivi. Ila usichomee ndani, moshi wa PVC una asidi, utakohoa hadi kesho.

Binti_Solar
Gesti haichomwi na kiberiti jamani, inachomwa na skrubu iliyolegea kwenye soketi ikapata moto. Ndiyo maana kwenye kipimo cha kimataifa cha IEC 60695 wanagandamiza kwenye plastiki waya uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu, tuseme wa nyuzi 850, kwa sekunde 30. Ukitolewa, moto uzime ndani ya sekunde 30 nyingine. Mwambie hivyo.

Fundi_Mwanga
Kesho namwita uani, pamba chini, saa mkononi. Akikataa bado, skrubu nitakaza mara mbili na maneno yake nitayaandika kwenye risiti.